Siku Arobaini na Mbili za Pua Yangu

Wenzangu wa kibarazani hapa Nkende, mmekuwa wapole kupita kiasi. Tangu nirudi mnaniuliza kama barabara ni nzuri na kama Arusha kuna baridi, halafu macho yenu yanatua puani kwangu na kukaa hapo. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nakata vitambaa vya wateja, kwa hiyo nimeandika yote mara moja. Niliondoka na pua iliyonyooka, nimerudi na bonde. Hamkuona vibaya, na wala sikutapeliwa.

Mnajua nilivunjika pua nikiwa na miaka kumi, kwa mjomba Marwa kule Machochwe. Alikuwa anachoma sindano dume lake, mimi nikiwa karibu, dume likageuza kichwa na pembe ikanikuta usoni. Kwetu hadithi hiyo ina mwisho mmoja: Rhobi aliambiwa akae mbali, hakusikia. Mama amewalea wadogo zangu wote kwa hadithi hiyo. Mimi nikabaki na bonde katikati ya pua, na tundu la kushoto halipitishi hewa. Nalala mdomo wazi, na harufu nazisikia kwa shida.

Ambacho hamkukijua ni hiki. Daktari wa Arusha alishanikubali, nikawa nasubiri zamu yangu ya kupasuliwa. Zamu ikachelewa, na harusi ya mdogo wangu ikakaribia. Nikavuka Sirari mpaka Isebania, kwa dada mmoja mwenye saluni anayechoma fila, ile dawa nzito kama uji wa moto inayojaza mashimo ya uso. "Usijali sista, hii ni jeli tu, dakika kumi uko sawa," aliniambia. Kweli, nilitoka pale pua imenyooka kama rula yangu ya kukatia nguo. Mkanisifu wote, nami nikawaambia ni mafuta ya kuchua.

Miezi mitatu baadaye zamu yangu ya Arusha ikafika. Muuguzi aliniuliza kwa simu kama nimefanyiwa kitu chochote usoni, nikamjibu hapana, bila kumeza hata mate. Nilijua nikisema ukweli watanirudisha nyumbani, na mimi nilikuwa nimesubiri vya kutosha. Daktari akishangaa pua imejaa, nilipanga kumwambia nimenenepa.

Kutoka Nkende mpaka ng'ambo ya Mto Mara

Nilipanda gari dogo la kwenda Mugumu nikakaa nyuma, karibu na mzee mmoja mwenye kapu la kambale waliokaushwa. Barabara ilikuwa na vumbi, nami nilikuwa nailinda pua yangu kama yai, kwa hiyo nikajiziba uso kwa kitenge. Tulipopita Nyamongo mzee akanigeukia.

"Mama, samaki wangu wanakusumbua?"

"Shikamoo baba. Hapana, ni vumbi tu."

"Marahaba. Vumbi liko nje, vioo vimefungwa. Sema tu kambale wananuka."

Gari zima likageuka kunitazama. Nikamwambia kwamba mimi hata petroli siisikii harufu yake, ndiyo kwanza naenda kutibiwa. Mama mmoja wa kiti cha mbele akacheka kwa dharau na kusema watu wa mjini wana majibu. Mzee akamkata kambale kipande, akanipa, na macho yake yalisema nikikataa nimemtukana yeye, samaki na mto wenyewe. Nikala. Alikuwa mkavu, ana chumvi na moshi mwingi, nikala na cha pili bila kulazimishwa.

Tulikuwa tumeshavuka daraja la Mto Mara pancha ikatokea. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Dereva alilifunga kwenye pikipiki iliyokuwa inapita akaenda nalo kutafuta pampu, sisi tukakaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili. Kufikia hapo mzee alishanisamehe. Alinifungia kambale mzima kwenye gazeti nimpelekee mjomba, akaniombea dua kwa ajili ya pua yangu mbele ya watu wote. Yule mama wa mbele akaitikia amina kwa sauti kuliko wengine.

Machochwe, kwa mjomba

Mugumu nilichukua bodaboda, nikafika Machochwe jua bado lipo, mjomba akiwa anaingiza ng'ombe zizini.

Mjomba Marwa hajawahi kunitazama usoni tangu niwe na akili ya kugundua. Huzungumza nami akiangalia miguu yangu, au ng'ombe aliye nyuma yangu. Nilizoea, nikajua ndivyo alivyo. Siku hiyo nilimwamkia, akaitikia, halafu akainua macho na kuyaacha yabaki hapo hapo.

"Weee! Mama Ghati! Njoo umwone Rhobi! Wameshamtengeneza!"

Mama Ghati, mke wake, alitoka jikoni mikono ina unga. Walinizunguka wakinitazama kulia na kushoto. Mjomba alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake, hata siku anayooza binti. Kabla sijafungua mdomo alishamkamata mbuzi. Ningesema pale pale, lakini nani ana moyo wa kumkatiza mtu mwenye furaha ya namna ile? Na ukweli mwingine ni kwamba nilipenda kutazamwa.

Kwa hiyo nilikula mbuzi wa pua iliyopona ambayo haikuwa imepona. Mama Ghati alipika kichuri, utumbo na uchungu wake, pamoja na ugali wa mtama, na kambale wa mzee akaliwa wa mwisho kama zawadi. Kichuri ndicho chakula pekee ninachokisikia sawasawa, kwa kuwa uchungu hauhitaji pua.

"Sasa Arusha unaenda kufanya nini?" mjomba akauliza huku ananawa.

"Kupasuliwa."

"Kupasuliwa nini, na imepona?"

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikawaeleza kwamba pua imejazwa tu juu, ndani bado imeziba, na dawa yenyewe huyeyuka polepole, kwa hiyo bonde lingerudi. Mama Ghati akaweka mkono mdomoni. Mjomba akajifuta mikono. Akasimama, akanipeleka kwenye stoo yake.

Mlango wa stoo ni wa bati, na umejaa mistari ya chaki. Ndiyo kazi yake ya kila siku, na mimi nimeiona tangu utotoni: ng'ombe akichomwa dawa, mjomba anaandika jina lake na kuchora mistari, mmoja kwa kila siku aliyoambiwa na bwana mifugo asubiri. Kila asubuhi anafuta mmoja. Mistari ya mnyama isipokwisha, hachinjwi, na maziwa yake hayanywi hata mbwa. Juu ya mlango kuna waya ametundika chupa tupu za dawa, ili mnyama akizidiwa bwana mifugo aone mara moja alichomwa nini.

"Huyu Mweupe nilimchoma juzi," akasema akigusa mistari. "Wewe walikuchoma nini?"

"Fila."

"Fila ni kama kusema ng'ombe. Ng'ombe gani? Dawa ina jina lake. Chupa yake iko wapi?"

"Nilitupa, mjomba."

"Na daktari wako anajua umechomwa? Amekuhesabia siku?"

"Anajua."

Uongo wote huo niliusema nimesimama kwenye mlango ule. Kikasha cha dawa, nilichokiomba kule saluni, kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Ni kigumu, kizuri, kina mfuniko, nami nilikuwa naweka humo sindano za cherehani. Mjomba akarudisha macho yake kwenye miguu yangu. Iliniuma kuliko nilivyotegemea, lakini nikajiambia kwamba ng'ombe ni ng'ombe na mimi ni mtu.

Ikoma, tukisubiri maji yapungue

Kesho yake nilirudi Mugumu mapema kupanda basi la Arusha linalokatisha hifadhini. Tulifika lango la Ikoma vizuri, kisha tukaambiwa tusubiri. Mvua ilinyesha huko mbele usiku kucha, maji yalikuwa yanapita juu ya kivuko na hakuna gari linaloruhusiwa. Askari wa hifadhi alisema saa moja. Baadaye alisema tena saa moja, kwa uso ule ule.

Watu walitandika khanga kando ya basi. Mimi nilikaa na Paskalina, mwenyeji wa Ikoma, mpishi kwenye loji moja mle ndani, aliyekuwa anarudi kazini kutoka likizo. Alikuwa na ndoo ndogo ya viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Alikuwa amevaa kabisa koti lake jeupe la jikoni, maana basi lingemshusha moja kwa moja kwenye zamu. Alipoinama kufungua ndoo, vifungo viwili vikaruka.

"Nimekwisha," akasema. "Mkuu wa jiko ataniona sijali kazi."

"Umekaa na fundi, dada, unalia nini? Lete."

Nikatoa kikasha, nikachagua sindano, nikaanza kushona vifungo koti likiwa mwilini mwake. Yeye akachukua kikasha akawa anakigeuza na kusoma maandishi ya Kiingereza polepole, kama mtu aliyezoea kusoma makopo.

"Hiki si cha sindano za nguo. Hiki ni cha dawa ya kujaza uso."

Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani ni kwa sababu nilijua hatutaonana tena. Nilimweleza yote, mpaka ile ya kunenepa, nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Ngoja nikwambie mimi," akasema. "Kule kwetu kila mgeni akifika anaulizwa chakula kisichopatana naye. Wanaandika, karatasi inakuja jikoni, mimi napika kwa karatasi ile. Mwaka jana alikuja mama mmoja hakuandika kitu. Aliona aibu kusumbua. Nikampikia mboga za karanga. Alivimba uso, akakosa pumzi mbele yangu, nimeshika kijiko."

"Alikufa?"

"Alipona, walimwahi. Lakini mimi sikulala wiki nzima. Nilipika vizuri, Rhobi, sikukosea hata chumvi. Yeye ndiye aliyenifanya niwe mpishi mbaya siku ile."

Nikakata uzi kwa meno. Tangu nianze safari ya pua hii sikuwa nimemfikiria daktari hata mara moja kama mtu mwenye mikono inayoweza kukosea kwa sababu yangu. Nilimwona kama lango tu, nalipita nikiwa na tabasamu na uongo mdogo. Nilirudisha sindano kwenye kikasha, na vifungo vya Paskalina nikaviongezea uzi mpaka naye akaniambia inatosha.

Maji yalipungua adhuhuri. Askari alikuja kututangazia kwa furaha, kana kwamba ameyapunguza yeye.

Hifadhini, na baridi ya juu

Mkitaka habari za wanyama, mtawauliza watalii. Niliona nyumbu wengi, nikaona matako ya tembo mmoja, na abiria waliokuwa upande wa pili waliona simba ambaye nilipofika dirishani alikuwa ameshageuka nyasi. Paskalina alishuka kwenye njia panda ya loji yake, gari lilikuwa linamsubiri. Alinigonga begani akasema, "Andika kwenye karatasi," basi, hakuongeza neno.

Kupanda kuelekea Ngorongoro ukungu ulifunika vioo na baridi ikaingia mifupani. Jirani yangu mpya alikuwa mwalimu mstaafu anayeogopa makorongo, alinishika mkono njia nzima bila kuniuliza jina. Tuliingia Arusha usiku, tukiwa tumechelewa sana. Nilikuwa na njaa, nina vumbi hadi kwenye kope, na bado sikuwa nimeamua.

Mbele ya daktari

Asubuhi nilioga, nikavaa gauni langu la kola ya mviringo, nikaenda. Daktari ni mtu mtulivu mwenye vidole virefu. Alifungua picha aliyonipiga mara ya kwanza, akanitazama, akatazama picha tena.

"Rhobi, pua hii imebadilika."

Jibu langu la kunenepa lilikuwa tayari ulimini. Badala yake nikafungua mkoba na kumwekea kikasha mezani. Muuguzi alikifungua, akakutana na sindano za cherehani, akaruka nyuma.

"Ulijichoma kwa hizi?"

"Hapana dada! Hizo ni za Singer!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasoma maandishi ya kikasha na kicheko kikaisha. Akauliza ni nani aliyenichoma, lini, kiasi gani, kama ngozi ilibadilika rangi, kama niliona ukungu machoni. Alisema pua ni mahali pabaya pa kuchezea, mishipa yake ya damu ni midogo, dawa ikiingia kwenye mshipa mtu anaweza kupoteza ngozi au hata jicho. Mimi nilikuwa nimelala pale saluni nikisikiliza redio.

"Ungenyamaza, ingekuwaje?" nikamuuliza.

"Anyamaze nani, mimi?"

"Samahani. Mimi. Mimi ningenyamaza."

"Ningeweka mfupa sawa kwa kufuata umbo ambalo si lako. Dawa ikiyeyuka huko mbele, pua inabaki imepinda, na tunarudia upya kwenye ngozi yenye kovu. Na ngozi iliyojazwa sijui damu yake inapitaje." Akagonga kikasha kwa kidole. "Bahati yako hii ni ya aina inayoyeyushwa. Wengine wanachomwa vitu visivyoyeyuka, wala hawajui majina yake. Usingekuja na kikasha ningekuwa nabahatisha."

Akanieleza mpango. Angenichoma dawa ya kuyeyusha fila, kisha tungesubiri uvimbe utulie na ngozi irudi hali yake. Kwa pua yangu mimi alitaka wiki sita, halafu aniangalie tena kabla ya kukubali kushika kisu. Nikamuuliza kama haiwezekani wiki mbili. Akasema yeye hapasui kwa huruma.

Nililia. Siwafichi. Nililia kwa sababu niliyajua yote hayo tangu utotoni. Ningemcheka mtu yeyote anayekamua ng'ombe aliyechomwa juzi. Na hata hivyo pua yangu mwenyewe niliibeba kwenda kisuni bila kuhesabu siku hata moja. Baada ya kulia nikajipangusa, nikamwambia achome. Kufikia kesho yake bonde lilikuwa limerudi kukaa mahali pake, na muuguzi akanipa kioo nijionee.

Machochwe tena

Ningeweza kupita Mugumu moja kwa moja mpaka nyumbani. Niliteremka kwa makusudi, kwa sababu mjomba alikuwa amechinja mbuzi wake kwa pua ya uongo.

Mjomba alikuwa kwenye mlango wa stoo na kitambaa cha kufutia. Nikamwamkia. Akainua uso, akaliona bonde, na nikasubiri macho yashuke miguuni kama kawaida yake. Hayakushuka.

"Mjomba, nilikudanganya. Chupa sikuitupa, na daktari alikuwa hajui. Sasa anajua. Amenihesabia siku arobaini na mbili."

Nikampa kikasha. Alikishika muda mrefu, akaketi kwenye kigoda chake.

"Rhobi, siku ile hukukaidi."

"Siku gani?"

"Ya dume. Mimi ndiye niliyekuambia ushike kamba, tena upande wa pembe. Mtu wa kuishika alikuwa hajafika, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza sindano. Baba yako alipouliza, nikamwambia mtoto hakusikia."

Miaka ishirini na minne. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Niliyaona mbele yangu maneno yote ya mama, kila mdogo wangu aliyeambiwa asiwe kama mimi, na mimi mwenyewe nikiamini. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, Mama Ghati akasikia akatoka jikoni na kusimama. Mjomba hakujitetea. Alisema tu, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo," kila nilipotua kuvuta hewa kwa mdomo.

Nilipomaliza aliondoka kwenye kigoda, akakitundika kikasha changu kwenye waya katikati ya chupa za dawa. Kisha akachukua chaki. Chini ya jina la Mweupe akaandika RHOBI, akachora mistari arobaini na miwili, mmoja mmoja, akihesabu kwa Kikurya. Ilijaza mlango mpaka chini, ya mwisho aliichora amepiga magoti.

Tangu nirudi ananipigia simu kila asubuhi kabla sijafungua cherehani. Anasema idadi iliyobaki, ananiuliza kama nimelala, anakata.

Jumapili hakunipigia mimi kwanza. Alimpigia mama. Mama alikuja hapa kibarazani kwa miguu, mlimwona, ninyi mkadhani amekuja kuchukua gauni lake. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanishika pua kwa vidole viwili, pale pale kwenye bonde, kwa upole ambao sikumbuki kuupata kwake hata nikiwa mgonjwa.

"Kumbe ulisikia," akasema.

"Nilisikia, mama."

Kesho mkija nitazameni vizuri tu, haiumi. Leo imebaki mistari thelathini na mmoja.